Juma Moja Katika Nyumba ya Kufumua

Niliondoka Kakanda kwa ajili ya mtoto ambaye alikuwa hajazaliwa. Yaya wangu Mado, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa na tumbo la miezi nane. Mume wake alikuwa amekwenda Zambia kutafuta kazi, na mpaka leo anaitafuta. Mwezi wa sita ulikuwa umefika na ile baridi yetu ya asubuhi, inayomfanya hata jogoo akatishe wimbo katikati. Shali ya mtoto dukani hakuna. Na duka lenyewe hakuna, lilikwenda na uporaji. Basi nikajisifu mbele ya majirani wote: "Minye nitamufumia shali!" Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mwanaume na kroshe! Lakini mimi nilikuwa tayari nimenoa spoki ya baiskeli na kuitia ndoano kichwani.

Kanisani nilisikia habari za Mama Feliste wa Likasi. Zamani, kabla kampuni ya migodi haijaanguka, alikuwa akiwafundisha wake za wafanyakazi wake kushona. Sasa alikuwa anapokea watu sita kwa juma moja katika nyumba kubwa, wafume na kupumzisha roho. Masharti mawili: uje na unga wako, na uje na triko moja kuukuu, yaani sweta, la kufumua. Sufu mpya ilikuwa imegeuka hadithi ya wazee. Nikachukua triko langu la shule, la buluu, linalowasha kama upupu.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori la makaa. Nilikaa juu ya magunia, nikiota nimekuwa fundi mkubwa, watoto wote wa Katanga wamevaa kazi yangu.

Saa tano, Kambove, lori lilikufa. Dereva aliliombea, halikuwaka. Akalitukana, likawaka.

Saa nane, Likasi. Bomba kubwa la kiwanda cha Shituru lilikuwa limesimama bila moshi, kama mvutaji aliyeokoka. Nyumba niliipata kwenye mtaa wa miti mikubwa. Ilijengwa na mhandisi mmoja Mwingereza, zamani kabla babu yangu hajavaa suruali, kwa mtindo wa kwao wa siku za malkia Viktoria. Ilikuwa na mnara mdogo usio na kengele, madirisha yaliyotoka nje kama matumbo, na mbao zilizotobolewa kama kitambaa cha kroshe chini ya paa. Nusu ya vioo ilikuwa makaratasi.

Mlangoni alisimama mama mnene mwenye sindano mbili kwenye nywele. Huyo ni Mama Kapinga, mgeni kama mimi, lakini ulimi wake ulikuwa wa mwenyeji.

"Weye papa, umepotea? Mafundi ya gari beko kule chini."

"Hapana, mama. Nakuya kufuma."

"Kufuma na ile ndevu?"

"Iko nywele saba tu, mama. Haitanizuia."

Alicheka, akanisukuma ndani. Mama Feliste, mwembamba, mpole, miwani imefungwa kwa uzi, alinionyesha bafu la Mwingereza. Maji yalikuwa yameliacha siku nyingi; sasa lilijaa matriko. Kila mtu anatupia lake humo, halafu anachagua analotaka kufumua. Sheria ya nyumba ilikuwa moja tu: atakayetaja kampuni mezani, ataosha sufuria. Siku ya kwanza niliosha mara tatu.

Siku mbili nilifunzwa. Nilifumua triko langu la shule, tukalowesha uzi, tukauning'iniza na jiwe ili unyooke. Ulinyooka, lakini haukuacha kuwasha. Nilipoupitisha shavuni nilimwonea huruma mtoto wa Mado.

Siku ya tatu, asubuhi, alikuja pasta wa mtaa kutuombea. Huwa anakuja kila juma, hasa uji ukiwa tayari. Nilichelewa kuingia. Nikapita bafuni, na juu kabisa ya lile rundo nikaona triko jeupe, laini kama kifaranga. Moyo wangu uliruka. Nikalichukua, nikakaa nyuma ya wanawake. Watu wote walikuwa wamefumba macho.

Mikono yangu haijui kukaa bure. Nikakata mshono wa bega, nikapata kichwa cha uzi. Pasta alipoombea wagonjwa, nilikuwa kwenye kiwiko. Alipoombea mawaziri, mkono wa kwanza ulikuwa donge. Alipokemea mapepo yanayokata umeme, nilimaliza wa pili. "Amina!" tukasema, mimi kwa sauti kuliko wote.

Pasta, jasho likimtoka, akaenda bafuni. Akarudi.

"Triko yangu iko wapi? Nilitoa sababu ya moto ya maombi, nikaweka pale."

Nilisimama na madonge mawili mkononi. Pasta alivaa kilichobaki, akaangalia mikono yake mitupu.

"Mwenye kufumua atafuma," alisema Mama Feliste. "Ndiyo kazi ya hapa."

Nikakubali, kosa ni langu. Lakini machozi yalinitoka, nikaeleza habari za Mado, za baridi, na za ule upupu wa buluu.

"Pasta," akasema Mama Kapinga, "jana ku kanisa ulihubiri mutu atoe kile kenye eko nacho ku mwili. Mungu amekusikia mbio."

Pasta aliinua mkono wa kuume. "Huu unashika Biblia inje asubuhi. Urudi. Ule wa kushoto unakaaka mu mufuko tu. Mutoto akamate."

"Mu mufuko ya nani?" akauliza Mama Kapinga.

Hata Mama Feliste alivua miwani kufuta machozi ya kicheko. Pasta naye akacheka, mwishowe.

Siku tatu nilifuma, mkono wa pasta mchana, shali jioni karibu na moto. Nyeupe katikati, kwenye shavu la mtoto, buluu pembeni. Jumamosi pasta alivaa triko lake la mkono mmoja, akaenda nalo barabarani kama bwana harusi.

Jumapili, Kakanda. Mado alikuwa amejifungua tangu Ijumaa. Msichana, amefungwa ndani ya ovaroli ya baba yetu. Nilimfunika. Aliweka shavu kwenye sufu nyeupe, akalala.

"Hii umetoa wapi?" Mado aliuliza.

"Ku mukono wa pasta."

"Alikupa?"

"Nilimukatia kwanza. Kisha akanipa."

Alicheka mpaka mtoto akaamka na kulia, naye akambembeleza huku angali anacheka.

Mwaka ule kila mtu kwetu alikuwa anabomoa kitu: nyaya, milango, mabati. Kule Likasi ndiko nilikoona watu wanafumua ili wafume. Na nilijifunza kwamba hata pale ambapo hakuna mwenye kitu, ukiomba, atapatikana wa kukupa mkono mmoja. Ila uombe kabla hujakata.