Asumpta Anatembea Mikono Mitupu

Mjini kwetu Songea mtu mzima hatembei hivi hivi. Anakwenda sokoni, anakwenda shamba, anakwenda msibani. Ukikutana naye Majengo asubuhi unamuuliza anaelekea wapi, naye lazima awe na jibu. Sasa dada yangu Asumpta akaanza kuwajibu watu, "Sina ninakokwenda, natembea tu." Basi, wakapata la kusema.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji. Asumpta alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shirika la umma, tena hodari. Wakaja wamiliki wapya na kompyuta zao, wakamshukuru kwa utumishi wake, wakampunguza. Usingizi ukamruka, chakula kikawa hakishuki. Niliogopa sana, kwa sababu mama yetu alianza vivyo hivyo baba alipofariki. Alijilaza akageukia ukuta, na hakuinuka tena mpaka tukamzika. Asumpta naye aliliona hilo linakuja. Aliniambia, "Mdogo wangu, sitaki kulala kama mama."

Daimu, mwenye duka la intaneti, ndiye aliyemwonyesha mafunzo ya bure kwenye mtandao, ya kumsaidia mtu mzima asiangushwe na wasiwasi na sonona. Kiingereza Asumpta anakijua. Akawa anakaa pale anasoma somo, anajibu maswali, anarudi nyumbani na kazi ya kufanya. Mara apime kama wazo linalomsumbua ni la kweli, mara azungumze na mtu anayemwamini. Halafu ikaja hii ya balaa: kila siku atoke atembee, bila shughuli yoyote.

Wenye midomo yao wakasema anatafuta mzungu kwenye kompyuta. Wengine wakasema kichwa kimeshavurugika, mwanamke gani anatoka Majengo mpaka Mshangano na kurudi hana hata fungu la mboga? Nikamshauri abebe kapu, watu wanyamaze. Alinikatalia katakata.

"Nikibeba kapu nitakuwa natembea kwa ajili yao," alisema.

Na usingizi ulikuwa umeanza kurudi, jamani. Alikuwa anakula, anatania. Hilo hakuna aliyeliona.

Baba mdogo Pankrasi akaitisha kikao cha ukoo Jumapili baada ya misa. Wakaamua Asumpta apelekwe kwa mganga kijijini, akae huko mpaka atulie, na mambo ya intaneti yaishe. Nikataka kusema, lakini dada akanishika goti akasimama yeye.

"Baba mdogo, nakuheshimu," alisema. "Mama alilala mle ndani miezi kwa miezi, hamkuitisha kikao. Mlisema mjane mwenye adabu huyo, anamlilia mume wake, mwacheni. Mimi natoka juani, nasalimiana na watu, ndio mnaniona kichaa. Kwa mganga siendi. Masomo yangu siachi. Anayetaka kunibeba aje anibebe."

Hakuna aliyeinuka. Shangazi zangu wakatazama mkeka. Jeneza la mama alilibeba baba mdogo, mbele kabisa, na siku ile alilia kuliko sisi watoto. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Nenda mwanangu," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Nenda katembee."