Plasta kwenye Jicho la Darini

Kazi yangu imenifundisha kushuku. Nachora mifumo ya taa za ndani: mtu akiingia zinawaka, akitoka zinazima, na jua likiwa kali zile za dirishani hufifia zenyewe. Zikigoma, swali langu la kwanza ni nani anafaidika.

Kwenye jengo moja la ofisi kule Kagarama, taa zangu zilikuwa bado mpya mkurugenzi aliponipigia simu akifoka. Wafanyakazi wake wanakaa gizani, alisema, na nisipotengeneza atang'oa kila kitu. Nilipofika niliwakuta kweli wameinamia kompyuta kwenye kigizagiza, mmoja kawasha tochi ya simu, na hakuna aliyelalamika. Hapo nikazidi kushuku. Nikamfikiria fundi niliyemshinda kwenye ile kazi, nikamlaani kimoyomoyo.

Nikapanda ngazi. Kitambuzi, kile kidude cheupe cha darini kinachohisi watu, kilikuwa kimebandikwa plasta ya kidonda. Cha pili vilevile. Cha stoo pia.

"Nani kafanya hivi?"

Wote wakaangalia kompyuta zao. Karani mmoja, mwanamke, akanifuata stooni na kufunga mlango.

"Injeniya, usikasirike. Hiyo jicho iko naona sisi. Iko naambia bosi nani iko kwa meza, nani hapana."

"Si kamera, dada. Inahisi joto la mtu anayesogea, basi. Haijui kama ni wewe au ni mimi."

Hakuniamini, akanipima kwa macho kama mtu anayekagua noti. Mwishowe akafungua mkoba: pampu ya kukamulia maziwa na chupa ndogo. Alikuwa amemwacha mtoto mchanga nyumbani, na kila mchana alijifungia humo kumkamulia. Mkataba wake ulikuwa mfupi, na mkurugenzi hakutaka kusikia habari za watoto saa za kazi.

"Akijua, nimekwisha."

Nikamwapia kwa Mungu kwamba haonekani. Akaenda kuwaambia wenzake, plasta zikabanduliwa, taa zikawaka. Nilirudi nyumbani nikijiona bingwa.

Wiki iliyofuata mkurugenzi akaniita tena, safari hii akitabasamu, na tabasamu lile sikulipenda. Akageuza kompyuta yake kunionyesha ramani ya jengo. Nilimwekea mimi mwenyewe, ili aone chumba gani kinakula umeme.

"Stoo inawaka kila mchana, muda mrefu," alisema. "Nani iko naingia humo?"

Kidude hakikumwona yule mama, kweli, lakini kilikuwa kimemchongea.

"Hakuna mtu," nikasema. "Kitambuzi cha stoo ni kibovu. Nitakiondoa."

"Kibovu? Si ulisema vyako ni vya hali ya juu?"

"Vingine huja vibovu."

Hakuamini, najua, na kazi ya jengo lake jingine la Gitega, aliyokuwa ameniahidi, akampa mwingine. Liliniuma, na bado linaniuma nikipita pale. Lakini siku ileile niliikata stoo kutoka kwenye mfumo, nikafunga swichi ya kawaida ukutani, chini kidogo, mahali ambapo mwanamke aliyeketi, mikono yake ikiwa na kazi, anaweza kuibonyeza kwa kiwiko.