Yule Niliyempeleka Uhamiaji

Mimi si mtu wa mambo ya majini na mapepo. Ni fundi wa friji, nina kibanda changu pale Kiseke, na kutwa nzima nashika vitu vinavyoshikika: kompresa, waya, mtungi wa gesi. Friji ikigoma kugandisha ipo sababu, na sababu hiyo naitafuta mpaka niione. Kwa hiyo nikikwambia kwamba jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, nikiwa sijalewa wala siumwi, naomba usinicheke kwanza. Nisikilize mpaka mwisho. Ukitaka kucheka, utacheka baadaye, kama utaweza.

Mdogo wangu Pendo anaishi Australia. Aliolewa huko, wanakaa kwenye mji mdogo wa ufukweni. Mwaka juzi alipata mimba ikatoka, akalala wiki nzima bila mtu wa kumpa pole kwa lugha aliyozaliwa nayo. Aliposhika nyingine akanipigia.

"Kaka, nataka Mama awe hapa nikijifungua. Sitaki zawadi, sitaki kitu kingine. Tiketi mume wangu atakata. Wewe nishughulikie makaratasi tu."

Nikakubali. Ningekataaje?

Mama yetu, Mayu tunavyomwita kwa kilugha chetu, anaishi kijijini, mbele ya Kisesa, ukiacha lami unaingia ndani. Analima mpunga, ana ng'ombe wake wachache. Jumapili nilikuwa nakwenda kwake, nampigia Pendo, naweka sauti kubwa, tunapanga safari wote watatu. Pendo anatusimulia mji wake. Anasema watu huko hawana haraka kabisa. Mtu anaingia dukani pekupeku, miguu imejaa mchanga, ananunua maziwa na hakuna anayemshangaa. Asubuhi kabla ya kazi wanakwenda kwanza baharini na mbao zao kuteleza juu ya mawimbi, mpaka wazee wenye mvi. Jioni wanakaa kwenye nyasi wanaangalia maji.

"Wanaangalia nini kwenye maji?" Mama akauliza.

"Basi tu, Mama. Wanapumzika."

"Kwani wamechoshwa na nini?"

Pendo akacheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka siku ile. Lakini maswali hayakuisha. Hao watu wa pekupeku, viatu hawana au wanavyo? Mvua huko inanyesha lini? Ndege ikiwa juu ya bahari, chini yake kuna nini cha kuishikilia? Nikiugua, daktari nitamwambiaje kwamba ni mgongo? Nikifia huko, mtanirudisha au nitazikwa na watu nisiowajua? Na ujue kwamba Mama anaogopa maji. Ziwa lilimchukua kaka yake wakiwa wadogo, na tangu siku hiyo hajawahi kupanda hata kivuko. Sasa tunamwambia akavuke bahari.

Tukaenda Uhamiaji mjini kuomba pasipoti. Ikafika zamu ya kupiga alama za vidole, mashine ikakataa. Yule dada wa kwenye mashine akamfuta Mama vidole, akampaka mafuta, akajaribu tena na tena. Wapi. Jembe lilikuwa limeshafuta kila kitu. Dada akatuambia kwa upole turudi baada ya wiki mbili, Mama apumzishe mikono, ailoweke kwenye maji ya uvuguvugu, asishike jembe.

Njia nzima ya kurudi Mama aliuliza. Kama mashine imekataa vidole vyangu, maana yake Mungu amekataa? Nikienda, ng'ombe atawakamua nani? Pendo akipata uchungu mimi nikiwa bado angani? Nilikuwa nimefunga kibanda siku nzima, wateja wananipigia, jua kali. Tulipofika kwake nikasimama pale mlangoni, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo natamani yangenikaba kooni.

"Mayu, umenichosha. Laiti ningepata mama wa kukubali tu, asiyeuliza, hata kwa siku moja."

Aliingia ndani, akatoka na mfuko wa michembe, vile viazi vyake vya kukausha, akanipa niwapelekee wanangu.

Wiki mbili zikapita. Usiku wa kuamkia siku ya kurudi Uhamiaji mvua ilinyesha kweli kweli. Nilimpigia Mama nikamwambia njia ya kwake itakuwa tope, kigari changu hakitapita, nitamkuta njia panda saa moja asubuhi. Mtandao ukakatika katikati. Nikajiambia amesikia.

Asubuhi nafika njia panda, namkuta. Amesimama peke yake pembeni ya lami, kitenge chake cha kijani, mkoba wake mkononi.

"Shikamoo, Mayu."

"Marahaba."

Akapanda, akavuta mkanda wa kiti, akaufunga mwenyewe. Mama yangu siku zote mimi ndiye humfunga mkanda, anasema unambana kama ng'ombe. Niliona, nikafikiri amezoea. Hata viatu vyake niliviona. Alikuwa ametoka kwake kilomita mbili za tope la mfinyanzi, na viatu vilikuwa vikavu. Niliviona kama ninavyoona mikono yangu hii. Lakini kuona ni kitu kimoja na kutaka kujua ni kitu kingine, na mimi asubuhi ile sikutaka kujua, kwa sababu mama yangu alikuwa amekaa kimya.

Nikamweleza mpango mzima. Kwamba atapanda ndege hapa mpaka Dar, Dar atapanda nyingine, kisha nyingine.

"Sawa, baba."

Kwamba atakaa juu ya bahari usiku kucha.

"Sawa, baba."

Kwamba atakaa kule miezi mitatu.

"Sawa, baba."

Utaniamini nikikwambia kwamba nilifurahi? Nilipiga mluzi. Nilisema moyoni, kumbe ukimwambia mtu mzima ukweli, anaelewa.

Uhamiaji vidole vilikubali mara moja. Aliweka mkono, mashine ikalia, basi. Yule dada akacheka, "Mama leo umepumzisha jembe!" Naye akatabasamu. Akapigwa picha. Hakufumba macho, hakuuliza mwanga ule ni wa nini. Tulimaliza mapema mpaka nikapata hamu ya kumtembeza. Nikaona nimpeleke ufukweni, azoee kidogo, nimwambie kwamba kule kwa Pendo ni hivi hivi, ila maji yana chumvi na haya mawe makubwa hakuna. Simu niliiacha garini. Niliizima sauti tangu tukiwa ofisini.

Nilidhani atasimama mbali. Alivua viatu, akaingia majini. Akaenda mpaka maji yakamfika magotini, kitenge kikaelea, akasimama anaangalia mbele. Mimi niko nyuma kwenye mchanga, nimefurahi, nasema laiti Pendo angemwona.

"Kule ni pakubwa kuliko hapa," akasema.

"Umejuaje, Mayu?"

"Nimeshapaona."

Nikafikiri anasema zile video Pendo alizotutumia.

Tukaanza kurudi. Tukiwa tumeshapita Igoma ndipo nikatazama simu pale kwenye dashibodi. Mama alikuwa amenipigia mara nyingi, skrini imejaa jina lake. Sikushtuka. Nilisema moyoni, amesahau simu nyumbani, labda jirani ameiokota, labda ng'ombe wametoroka. Ikaanza kuita tena mbele ya macho yangu. Nikapunguza mwendo, nikapokea.

"Wewe, uko wapi?"

Ilikuwa sauti ya Mama. Si inayofanana. Ya Mama.

"Tangu asubuhi nimekaa hapa kizingitini na viatu miguuni. Tope limekukwamisha? Au bado umenikasirikia? Mimi nimesema leo sitauliza kitu mpaka tufike. Mbona hupokei simu? Umekula lakini?"

Nilikuwa nimeshika usukani kwa mkono mmoja, na pembeni yangu, karibu kabisa, kiwiko chake kinagusa changu, amekaa mama yangu anaangalia barabara.

Akasema taratibu, bila kugeuka, "Mwambie asihangaike. Tumeshamaliza."

Na kwenye simu Mama akauliza, "Nani huyo unaye?"

Niliitoa gari pembeni, sijui hata niliitoaje. Lori lilipita likinipigia honi. Hapo akageuka akanitazama. Ndugu yangu, sikuona meno marefu, sikuona kwato. Ulikuwa uso wa Mama, na kila mkunjo ulikuwa mahali pake. Kilichokosekana ni wasiwasi. Tangu nizaliwe sijawahi kuuona uso wa Mama usio na wasiwasi juu ya mtu fulani, na siku ile niliuona, ukanitisha kuliko kitu chochote nilichowahi kukitazama.

"Mimi niko tayari kwenda," akasema. "Yeye hataki."

Akafungua mkanda, akafungua mlango, akashuka. Akaufunga polepole, kama Mama anavyofunga, maana namkatazaga kuubamiza. Ilikuwa siku ya gulio, na kando ya barabara akina mama walikuwa wanarudi wamejitwisha mizigo. Akaingia katikati yao. Nilishuka mbio nikazunguka gari, na tayari sikujua ni yupi. Vitenge vya kijani vilikuwa viwili au vitatu. Nikaita, "Mayu!" Akina mama kama watano wakageuka kunitazama, kila mmoja na uso wake wa kawaida, kila mmoja akishangaa huyu kijana analilia nini.

Nikapanda tena, nikaendesha mpaka njia panda, gari nikaiacha hapo, nikakimbia kwenye tope mpaka kwa Mama. Alikuwa kizingitini, na kitenge kile kile. Nilimshika mikono yote miwili. Ilikuwa inakwaruza kama gome la mti. Nikalia pale kama mtoto, na yeye anauliza kuna nini, nani amekufa, ni Pendo?

Nilimweleza yote isipokuwa kitu kimoja, nitakwambia.

Mama hakupiga kelele. Alisema bado atajaribu, kwa ajili ya Pendo. Pasipoti ilipokuwa tayari tulikwenda wote kuichukua, na safari hii nilimfuata mpaka chumbani kwake. Tulipoingia garini akaifungua, akaitazama picha muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Mayu." Na kweli, kwa macho yangu alikuwa yeye. Hata leo ukimwonyesha mtu yeyote atakwambia ni yeye.

"Mimi siwatazami watu hivi," akasema. Akaifunga, akanirudishia. "Siwezi kwenda kwa mwanangu na jina langu likiwa na vidole vya mwingine. Je, akifika yeye badala yangu? Nani atamtofautisha?"

Wewe unalo jibu?

Mchungaji tuliyemwita alisema ni pepo, akaomba. Jirani alisema ni wachawi wenye wivu na safari. Mwingine akasema kosa letu ni kuitangaza safari. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba sikumwomba mchawi yeyote. Niliomba mwenyewe, kwa mdomo wangu, mlangoni kwa mama yangu.

Pendo alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji. Mumewe alikuwa naye, lakini mama yake hakuwapo. Tulimwambia kwamba Mama aliogopa ndege. Ningemwambia nini kingine mtu aliye peke yake mbali vile? Anaamini mimi sikumhimiza Mama vya kutosha. Anampigia Mama kila wiki, mimi hanipigii. Pasipoti iko kwangu, nimeifunga kwenye nailoni juu ya kabati. Kuichoma naogopa, kuirudisha sijui nitasema nini.

Sasa kile kimoja. Miezi imepita, nilikuwa kwa Mama jioni, tunabangua karanga. Akaniuliza bila kuinua macho.

"Siku ile. Ulikwenda naye mpaka wapi ndipo ukajua si mimi?"

Nilikuwa nimekwenda naye mpaka mjini. Nilikuwa nimempeleka ofisini, nimempeleka ziwani, nimerudi naye, na kama simu isingeita ningemfikisha nyumbani nikimshukuru. Sikuwahi kujua. Niliambiwa.

"Mapema tu, Mayu," nikasema. "Pale pale njia panda nilianza kushtuka."

Akanitazama kidogo, akarudi kwenye karanga zake. Hajaniuliza tena.

Siku hizi akipiga simu napokea, hata kama niko na friji ya mteja imefunguliwa sakafuni, na namjibu mpaka anaishiwa. Siku akinyamaza sana nafunga kibanda naenda kumtazama. Na wewe unayenisikiliza, kama unaye mzazi anayekuchosha kwa maswali, chunga unachomtakia ukiwa umesimama mlangoni kwake, maana hujui ni nani mwingine anasikia. Na ukitaka kumpeleka mahali, usikubali kumkuta njiani. Mfuate mpaka ndani kwake, mshike mikono, ndipo mtoke.