Jezi Nyekundu Chini ya Kijani

Mnacheka kila nikisema mpira siutaki, basi leo nitawaambia, maana nimechoka kuficha, ingawa hata sasa nikikumbuka uso unanichoma na natamani ardhi ipasuke nizame.

Mimi nilikuwa mchezaji wa kuhamahama kule kwa mashamba ya chai ya Kericho. Kwenye karatasi niliandikwa mchuna chai, lakini chai niliichuna asubuhi tu, mchana ni mazoezi, kwa sababu siku hizo kila shamba kubwa lilikuwa na timu yake, na meneja akipenda mguu wako anakupa kibarua na chumba kwenye kempu ya wafanyakazi, halafu timu ikifungwa mara mbili tatu unaambiwa kazi imepungua. Nilicheza namba sita katika mashamba matano ndani ya miaka sita. Sikuwa nyota (wacha niseme ukweli), nilikuwa yule mtu wa kukata mpira katikati na kumpa mwenzake, na hakuna aliyewahi kuniimba. Tulipofika shamba la juu, karibu na Kapsoit, mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na akaniambia wazi, "Baba Nafula, mimi nimechoka kuhama. Hii ni ya mwisho."

Na kweli ingekuwa ya mwisho, maana meneja aliniahidi kwamba tukiwafunga shamba la chini kwenye fainali, napewa kazi ya kudumu kiwandani na nyumba ya mawe, vyumba viwili na jiko lake. Mama Nafula alikuwa ameshaenda kuichungulia hiyo nyumba dirishani, mara mbili.

Sasa shamba la chini ndiko nilikotoka msimu huohuo. Siku ya fainali kulikuwa na baridi ya kukata, jezi zetu za kijani zilikuwa nyepesi, na kifua kilikuwa kimenisumbua wiki nzima, nikaona nivae ndani jezi yangu ya zamani, ile nyekundu ya shamba la chini, nzito ya sufu (walipoidai niliwaambia imepotea). Mama Nafula akaniona.

"Toa hiyo kitu."

"Nani ataiona?" nikamjibu.

Kipindi cha kwanza hakuna aliyefunga, na mvua ya mawe ikatupiga sawasawa. Mapumziko, kapteni wetu, arap Koros, akaamuru kila mtu avue jezi aikamue maji. Mimi nikasema niko sawa. Ningevuaje? Basi nikarudi uwanjani na kijani yangu imelowa, imevutika mpaka karibu na magoti, na ukungu nao ukashuka kutoka kwa majani chai, hata refa ukimtafuta unasikia filimbi tu.

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Nikawa nakimbia kurudi nyuma kuziba, beki wao mmoja akanishika jezi, nikajivuta kwa nguvu, ikapasuka kutoka shingoni mpaka chini ikabaki mkononi mwake. Refa hakuona. Mimi nikaendelea kukimbia, na hapo Barnaba, rafiki yangu wa shamba la chini, akageuka na mpira, akaona nyekundu, akanipa. Miaka miwili tulikuwa tumecheza hivyo, yeye ananipa, mimi namrudishia mbele bila kutazama. Nikamrudishia. Wallahi sikufikiri, ni mguu tu. Akafunga, halafu akaja kunikumbatia, na tukiwa tumeshikana hivyo ndipo akanitazama usoni akaniachilia polepole.

Ukungu ukapanda kidogo. Shamba zima likaniona, na nyekundu yangu, mbele ya lango letu. Muda ukaisha hivyohivyo, tumefungwa moja bila.

"Kumbe walikutuma," arap Koros akasema.

Nikajaribu kueleza habari ya kifua. Nani husikiliza habari ya kifua? Meneja alikunja mwavuli wake akaenda zake, na Jumatatu nyapara akaniambia chumba kinahitajika.

Ile nyumba ya mawe alipewa golikipa. Mama Nafula alikuwa amesimama pale na wanawake wenzake, aliona yote. Alienda kwao Bungoma kujifungulia huko, mimi nikabaki kuzunguka mashamba mengine kuomba kibarua cha jembe, maana habari ilikuwa imenitangulia kila mahali mpaka Longisa. Mtoto aliyezaliwa huko nilimwona kwa mara ya kwanza ameshaota meno, akanilia kama mgeni.

Nyumba ya kupewa kwa ajili ya mguu si yako, jamani, mguu ukiteleza umetoka. Siku hizi mpira wa watoto ukivuka ua ukaingia shambani kwangu, nainama, nauokota, naurudisha kwa mkono.