Koti la Manyoya Nyamasaria

Chumba cha pili cha nyumba yangu ya kupanga Nyamasaria siwezi kukikumbuka bila kichefuchefu. Kilikuwa chumba cha wageni, lakini mgeni angelala wapi? Kitanda kilikuwa kimezama chini ya nguo. Nguo kwenye misumari ukutani, nguo kwenye magunia mawili nyuma ya mlango, na viatu vimefungwa kamba jozi jozi, vingine vidogo kwangu, vingine vikubwa. Vyote vilinuka ile harufu ya mitumba, dawa na jasho la watu nisiowajua. Nilivinunua mwenyewe. Hakuna aliyenishikia panga.

Kila Jumapili nikitoka kanisani nilipitia soko la Kibuye. Kuna watu wanaokwenda sokoni kwa shida ya shati, wakanunua shati, wakarudi nyumbani. Mimi nilikwenda kuona belo la mitumba likifunguliwa. Muuzaji alikata kamba, nguo zikafumka, na sisi wanawake wazima, wengine bado tumeshika Biblia, tukajitupa juu yake kama kuku waliomwagiwa mahindi. Vile vipande vya kwanza, visivyo na doa, wauzaji huviita kamera, na ukiachia kimoja mwenzako amekidaka. Kwa hiyo huachii. Unashika, unalipa, halafu ukifika nyumbani ndipo unajiuliza ni cha nini.

"Mama, hiyo ni kamera! Ukiacha utalia!" muuzaji alinipigia kelele siku niliponunua koti la manyoya. Koti la manyoya, Kisumu, ambako ifikapo saa sita hata mbwa wanatafuta kivuli! Nililivaa palepale, jasho likanitiririka mgongoni, wanawake wakanisifu, nikalipa. Nilijiona nimepata. Ujinga ulioje.

Nililipa kwa pesa ya jicho. Mama yangu anaishi upande wa Katito, na mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili, hata omena, dagaa wa ziwani, alizichambua kwa vidole tu. Nilikuwa nimeweka akiba ili apasuliwe. Kila Jumapili niliimega kidogo, nikijiambia mshahara ukiingia nitarudisha. Mshahara uliingia. Sikurudisha. Alipopiga simu kuuliza, nilimjibu, "Iko, Mama. Usijali." Niliweza kusema hivyo huku mkono mwingine umeshika mfuko wa viatu. Naichukia sauti yangu ya siku zile.

Mwezi wa Agosti alichoka kungoja. Jirani yake aliyekuwa akija mjini alimshika mkono hadi mlangoni kwangu, akaenda zake. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, na kwapani amebana kuku mweupe.

"Wa daktari," alisema.

Nilimfunga kuku uani, nikaenda jikoni kupika chai. Niliporudi sebuleni Mama hakuwapo. Alikuwa amepapasa ukuta hadi chumba cha pili, akitafuta kitanda ajinyooshe.

Nilimkuta amesimama katikati ya zile nguo, mikono yake ikizipitia. Aligusa rundo la kitandani, akagusa magunia, akagusa viatu. Kwetu, mtu akishazikwa, nguo zake hukusanywa mahali pamoja zikingoja siku ndugu watakapokaa kugawana. Mama amekaa kwenye vikao hivyo mara nyingi.

"Nyathina," aliniita, mwanangu, "nani amekufa na mkanificha?"

"Hakuna aliyekufa, Mama."

"Usinidanganye. Nguo hizi zote ni za nani?"

"Zangu."

Alikuwa ameshika lile koti. Alilipapasa kola, akalipapasa mikono, akalinusa, akakunja uso. Afadhali angenitukana.

"Zote hizi?" aliuliza. "Na ile pesa ya jicho?"

Nilimwambia. Nilisema yote, nimesimama mlangoni na kikombe kinaniunguza vidole. Nilijihisi mchafu, nanuka kuliko zile nguo.

Alilikunja koti polepole, akalilaza juu ya rundo kwa heshima, jinsi nguo za marehemu zinavyolazwa. Kisha akanyoosha mkono kuutafuta ukuta.

"Basi mchinje huyo kuku," alisema. "Daktari hamhitaji."

Nilimchinja, nikampika. Tuliketi kula sisi wawili, yeye akitafuta nyama kwenye sahani kwa vidole na kutenga mifupa kando, mmoja mmoja. Nilimtazama, nikakumbuka jinsi vidole vyangu mwenyewe vilivyokuwa vikichakura kwenye belo.

"Unakula?" aliniuliza.

"Nakula, Mama," nilijibu. Sahani yangu ilikuwa mbele yake, imejaa, na hakuweza kuiona.