Kaseti Tuliyorekodi Kwenye Karasha

Siku hizi mpiga gitaa wa bendi yetu ya zamani hapigi simu, anaandika ujumbe. Sikio lake la kushoto lilishakufa, na la kulia daktari amemwambia halitamaliza mwaka. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: nimtafutie albamu yetu, aisikie mara moja kabla ya hapo.

Neno "albamu" lilinichosha hata kabla sijainuka kitini. Tulikuwa wanne, tumetoka chuo kikuu na shahada ambazo Geita haikuziomba, tukaamua kuwapelekea wachimbaji roki nzito. Mimi nilipiga besi na kutunga maneno ya nyimbo, maneno yaliyohitaji tanbihi.

Studio hatukuwa nayo. Mwenye karasha mmoja nje ya Runzewe, aliyekuwa akiwasagia wachimbaji mawe ya dhahabu kwa mashine hiyo, alituruhusu tutumie jenereta lake. Tatizo ni kwamba pipa la karasha likishajazwa mawe na kufungwa kufuli, halizimwi mpaka mwenye mawe aridhike. Ukilizima katikati, atasema umemwibia. Siku ile mwenye mawe alikalia ndoo, macho kwenye kufuli. Tulimwomba dakika tano tu za kimya.

"Pigeni tu," akasema. "Mimi hamnisumbui."

Tukarekodi nyimbo sita, karasha likinguruma ndani ya zote. Mpiga ngoma alishindana nalo wimbo mmoja, kisha akaamua kulifuata. Vituo vya redio vikatuambia kaseti ina hitilafu. Kwenye onyesho letu la Kagongwa watu walisubiri kwa heshima tumalize kujaribu vyombo, na tulipomaliza onyesho bado walikuwa wanasubiri. Bendi ikafia hapo. Nakala zangu nilizifuta kwa kurekodi mihadhara. Mpiga gitaa akaajiriwa kwenye karasha lilelile, na miaka ishirini ya mngurumo ikamla masikio.

Nakala moja ilikuwa imebaki huko kwa mwenye karasha. Yeye ameshafariki, mashine anaiendesha mjane wake. Tulikwenda wawili, mimi na mpiga gitaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ninyi si ndio wale wa kelele?"

"Ndio sisi."

"Mbona mmezeeka vibaya hivyo?"

Karasha lilikuwa limesimama, linasubiri beringi. Akaleta redio kubwa, na kaseti ndani ya mfuko wa sukari.

"Hii imetulisha," akasema. "Mashine ikiharibika, marehemu alikuwa anaipiga kwenye spika pale mlangoni. Watu wakisikia karasha linasaga, wanaleta mawe. Wakishafika wanaambiwa kuna foleni."

"Na muziki walikuwa wanauonaje?"

"Muziki upi, baba?"

Nilimwandikia mwenzangu hayo kwenye simu. Alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi nilichelewa kucheka. Ndiyo kwanza nilikuwa nimewajua wasikilizaji wetu.

Tukaiweka kaseti. Mwenzangu akabandika sikio la kulia kwenye spika. Karasha likaanza, ngoma zikalifuata, akatikisa kichwa kwa mdundo. Kisha gitaa likaingia, jembamba, limechakaa, lakini zuri kuliko nilivyolikumbuka katika miaka yangu yote ya kulidhihaki mbele za watu. Akanitazama.

"Bado?"

Nikaelewa. Sikio lililobaki lilikuwa linachukua mngurumo na ngoma tu. Sauti nyembamba ya gitaa ilikuwa juu mno kwake.

"Limeshaingia," nikaandika.

"Limekaaje?"

Nimeandika insha juu ya kila kitu, hata juu ya ugumu wa kuandika insha, na sikuwahi kumwambia kwamba anajua kupiga. Niliandika: "Zuri sana." Akasoma, akanirudishia simu.

Kisha akafumba macho, akaweka mkono wa kushoto hewani, kana kwamba ameshika shingo ya gitaa.

"Nikikosea niguse," akasema.

Vidole vikaanza kwenda. Alichokuwa nacho ni karasha na ngoma tu, lakini vilipanda gitaa lilipopanda, vikasimama liliposimama, wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama mwenye karasha aliacha kupepeta mchele wake akamtazama. Upande ukaisha, redio ikajizima, vidole vyake vikaendelea. Alimalizia kipande kidogo peke yake.

Nikamgusa goti.

"Nimekosea wapi?"

Nikatikisa kichwa, nikageuza kaseti.