Jaketi Lililobaki Kwenye Nailoni

Nilipopigiwa simu kwamba nahodha kafa maji, nilicheka. Naungama mapema, ili msomaji anayetaka kulitupa gazeti alitupe sasa hivi. "Na samaki nao wamezama?" nilimuuliza binamu yangu, nikidhani ananitania kama kawaida yake. Akasema, "Maziko baada ya Alasiri," akakata simu, nami nikabaki na kicheko changu mdomoni, sijui nikiteme wapi.

Marehemu alikuwa na boti ya kutembeza watu hapa kwetu Bagamoyo. Familia zikija mapumzikoni, aliwapeleka kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yametoka, wakaoga, wakapiga picha, akawarudisha. Mimi si mtu wa safari hizo. Nyumba yangu iko karibu na pwani kiasi cha kuisikia bahari, na kuisikia kwanitosha. Hata Zinga hapo jirani nikienda, hurudi na hadithi kama mtu aliyetoka hija. Lakini Idi moja shemeji zangu walinikokota mpaka botini, na hapo ndipo nilipomjua. Alimpa kila mtu jaketi okozi, akakagua mikanda mmoja mmoja. Nikamwambia langu aliweke tu, litanikunjia kanzu. "Kanzu hunyooshwa kwa pasi, kaka," akasema. "Ukizama, wewe tutakunyoosha kwa pasi gani?" Shemeji mmoja akadakia, "Mvalishe, nahodha! Na kile kiti chake cha barazani kivalishe, maana hawaachani." Hatukuondoka mpaka nilipolivaa.

Tukiwa njiani nikaona yeye mwenyewe hana. Nikamuuliza lake liko wapi. Akajibu bila wasiwasi kwamba lipo nyumbani, jipya, ndani ya nailoni yake. Hulileta siku ya wakaguzi, wakishaliona hulirudisha, kwa kuwa jua na chumvi vingelipausha. Ningemwambia nini? Kwangu kuna makochi ambayo hayajavuliwa nailoni tangu yatoke dukani. Mgeni akikaa, yanalia. Nilimwona mtu mwenye akili, tena nikamsifu kwa kutunza vitu.

Siku ya ajali upepo uligeuka akiwa anarudi na abiria, wimbi likajaa ndani, boti ikapinduka. Abiria wake wote walielea. Wanasema aliogelea kutoka kwa huyu hadi kwa yule, akiwavuta waishike boti, akiwakemea wasilie maana kilio kinamaliza pumzi. Wavuvi wa Kaole walipofika, walimkuta kila mtu isipokuwa yeye. Yeye alipatikana kesho yake asubuhi. Nilipoingia kumpa pole mjane, jaketi lake lilikuwa ukutani, kwenye msumari, bado ndani ya nailoni, linang'aa. Mama yule aliona ninakotazama, akasema taratibu, "Hata vumbi halina."

Tuna msemo wetu kwamba ajali haina kinga, na msibani pale niliusikia kila kona. Safari hii umenikwama kooni, kwa sababu kinga ilikuwapo, ilining'inia juu ya vichwa vyetu tukinywa kahawa. Sisi tumelelewa hivyo: vikombe vizuri ni vya mgeni, shuka nzuri ni ya mgeni, wenye nyumba tunabaki na vilivyochakaa. Na sheria nayo tumeifanya kitu cha mgeni, tunaitoa kabatini mkaguzi akipiga hodi, akienda tunaikunja. Marehemu hakuidharau sheria hata kidogo. Kwa abiria wake aliishika kuliko wengi, na leo wanapumua. Kosa lake ni kudhani haikuandikwa kwa ajili yake. Nami niliyeliona kosa hilo kwa macho yangu, nililipongeza.

Hayo nilimweleza jirani yangu anayekaanga vitumbua, nikiyapamba kama nilivyoyapamba hapa. Alinisikiliza huku akigeuza vitumbua vyake, hata hakuniangalia. Kisha akasema: "Maneno mengi ya nini? Watu wote aliwahesabu abiria, nafsi yake akaihesabu pamoja na injini. Injini wameshaiopoa, ipo kwa fundi. Haya, yeye mtampeleka kwa fundi gani?"